Kile Kilichompita Cherehani

Mimi ni mwoga, na kazi yangu ni kutisha watu. Naogopa mende, naogopa lifti, naogopa simu ikilia alfajiri. Pale studio wanasema nikipiga chafya najishtua mwenyewe, na Bosi, ambaye haachi kitu kipotee, aliugeuza uoga wangu kuwa kipimo cha kazi. Nikichora kiumbe kipya, naingizwa kwanza mimi. Nikipiga yowe, kiumbe kimefaulu. Nikitoka kimya, narudi mezani kuchora tena. Kwa hiyo hofu yangu kwa watu wale ilikuwa kichekesho cha kila siku, na hadi leo nikilikumbuka hilo napandwa na hasira.

Tunatengeneza gemu za kompyuta. Hii ninayoisema inachezwa kwa kuvaa miwani mizito inayofunika uso mpaka masikioni. Ukishaivaa, unajikuta peke yako kwenye kituo kilichotelekezwa, katika sayari ya mbali. Humo kituoni kuna kitu kingine. Kazi yangu ilikuwa kukichora hicho kitu kingine, na Bosi alitaka kisiwe na ubinadamu hata chembe.

Nilipompelekea mchoro wa kwanza, wenye mikono minane na kichwa laini, aliutazama akacheka. "Huyu ni mjomba wako kavaa pweza," alisema. Nikampelekea mwingine, tufe la miiba lenye jicho moja kwa chini. "Huyu ni mjomba yule yule, ameshavua." Kila nilichochora kilikuwa na mbele na nyuma, kilikuwa na njaa, kilikuwa na chuki. Kila nilichochora kilikuwa mtu.

Ndipo ikawekwa sheria ya vikombe. Atakayesema kiumbe kinataka, kinaona, kinatafuta au kimekasirika, ataosha vikombe vya studio nzima. "Kutaka ni kwetu sisi," Bosi alituambia. "Usinieleze kinataka nini. Nieleze kinafanya nini." Niliosha vikombe mpaka viganja vikanyauka. Fundi Sauti, kijana mwenye masikio ya popo anayekaa meza ya jirani, alikuwa ananivizia tu. Neno likiniponyoka, anapaza sauti: "Vikombe!"

Mwisho wake nikapata Kile. Hakikuwa na jina jingine, maana jina nalo lingekifanya mtu. Kile hakina mwili wa kuonyesha kidole. Kimetawanyika hewani kama unyevu, na kinachofanya ni kusawazisha. Penye joto na baridi, kinakusanyika mpaka pawe vuguvugu. Penye kutikisika, kinakusanyika mpaka patulie. Mchezaji haoni kitu zaidi ya vivuli kupoteza kingo zake na sauti kuwa bapa. Ukisogea, kinakukusanyikia. Ukitulia kabisa, kinakupita kama kinavyopita ukuta. Nilikichora mchana kweupe, watu wamenizunguka wanakula karanga, na bado nywele zilinisimama.

Nikakiwekea hisia kali mno. Hata kutetemeka kwa mkono, hata shingo ya mtu anayevuta pumzi, vilitosha kukikusanya. Bosi alisema nilegeze, watu wapate njia ya kupita. Nilimwambia nitalegeza. Sikuwa nimelegeza bado.

Mimi nilipiga yowe kama kawaida, lakini majaribio ya mwanzo kwa wengine yalikuwa aibu. Mhasibu wetu, mtu wa kujitolea kwa kila kitu, aliingia chumba cha majaribio na kutoka anapiga miayo. "Vivuli tu," alisema. "Hamna hata mdudu." Nilikaa na aibu yangu wiki nzima.

Halafu mvua zikaanza, na mambo yakabadilika. Mhasibu aliingia tena, akatoka ameshika kichwa kwa mikono miwili, uso umekuwa wa majivu. Alikimbilia sinki la vikombe akatapika. "Kuna kitu mle ndani," alisema alipoweza kusema. "Sikukiona. Nimekihisi hapa, kifuani." Kesho yake akaingia Fundi Sauti. Alitoka miguu imelegea, moyo unamwenda mbio, machozi yanamtoka bila yeye kujua kwa nini. Alisema kichwa chake kilikuwa kama kimefungwa kamba. Bosi alicheza pale ukumbini, akanikumbatia, akaniita fundi wa mafundi. Na mimi, nisiseme uongo, nilivimba kichwa.

Hakuna aliyekumbuka kwamba wiki hiyo hiyo umeme ulikuwa unakatika kila mchana. Mlinzi wetu, anayeitunza jenereta kama ng'ombe wa maziwa, aliona itanyeshewa uani, akaisukuma mpaka stoo. Tukamshukuru, maana kazi haikusimama. Stoo na chumba cha majaribio vinagawana ukuta mmoja. Chumba chenyewe hakina dirisha, kuta zimebandikwa sponji nene, mlango una mpira pembeni ili sauti isiingie wala kutoka. Chini ukutani kuna tundu la kupitishia nyaya, upana wa mkono. Harufu ya jenereta ilikuwa jengo zima, na pua zetu zilishaizoea.

Siku wageni walipokuja, wawili kutoka kampuni ambayo ingeisambaza gemu yetu, Bosi alitaka mchezaji asiyejua lolote kuhusu Kile. Nilimtaja mdogo wangu. Mdogo wangu ni msusi, na tangu utotoni tunamwita Cherehani kwa sababu ya mguu wake wa kulia. Akikaa tu, mguu unaanza kupiga chini, tak tak tak, kama mtu anayekanyaga cherehani ya miguu. Hata akilala unapiga. Tumelala kitanda kimoja miaka yote ya utoto wetu, na mimi sikuweza kupata usingizi mpaka nihisi godoro linatikisika.

Mama alinipigia simu asubuhi ile. "Usimtishe mwenzio," alisema. "Unamjua, hajui kuacha kitu katikati."

"Ni gemu tu, mama."

"Basi mwangalie."

Cherehani alikuja na mwavuli uliovunjika na kicheko chake. "Dada, hivi wewe ndiye unayetengeneza vya kuogopesha? Wewe uliyemkimbia kuku?"

"Yule kuku alikuwa mkali."

"Nionyeshe hicho kidude chako nikizoeze adabu. Nikitoka nataka soda baridi."

Nilimvalisha miwani kwa mikono yangu. Nilimkalisha kwenye kiti chenye mgongo mrefu, nikamwambia asipopendezwa aseme, kipaza sauti kipo. Alinifukuza kwa kiganja. Nilipofunga mlango, ule mpira ukajibana kwenye fremu, na nikashtuka. Sikujali. Mimi hushtuka hata mlango wa friji ukifungwa.

Tulikaa chumba cha pili, mimi na Fundi Sauti mbele ya skrini, Bosi nyuma yetu. Wageni walikuwa ofisini kwa Bosi, ukuta wa pili, wanatazama skrini kubwa. Kamera haikuwa na maana mle gizani, kwa hiyo tuliona tu kile alichokiona Cherehani kwenye miwani, na tulisikia kila kitu kwa kipaza sauti. Jambo la kwanza tulilolisikia lilikuwa mguu wake. Tak tak tak.

"Mdogo wako ana pikipiki mguuni?" Fundi Sauti alilalamika. "Ananiharibia rekodi yote."

Cherehani alitembea kwenye vyumba vya kituo, anasema peke yake, anakitania kiumbe asichokiona. Wageni tuliwasikia wakicheka. Mvua ilikuwa inapiga bati, na jenereta inanguruma. Baada ya muda akasema, "Dada, kichwa kinaniuma."

"Kimeshaanza," Bosi alinong'ona, akanibinya bega kwa furaha.

Nilinyoosha mkono kwenye kitufe cha kuongea naye. Bosi aliushika. "Usimtoe kwenye hali. Ukiongea naye umeua kila kitu."

"Kichwa kinamuuma."

"Wote kiliwauma. Hiyo ndiyo kazi yako nzuri."

Kwenye spika mdogo wangu alicheka, kicheko kizito. "Siachi. Mhasibu amemaliza, mimi ni nani?" Kisha kimya. Kisha, polepole, kama mtu anayeongea na mswaki mdomoni: "Dada... hiki kiti kilikuwa hapa?"

Nilianza kuogopa. Lakini mimi siku zote naogopa. Nilijiambia hayo hayo ambayo wenzangu wangeniambia: umeanza, mwanamke, kaa chini. Nikakaa chini.

Mguu ukaanza kupunguza mwendo. Tak. Tak. Halafu tak moja ya mbali. Halafu ukanyamaza.

"Hatimaye," alisema Fundi Sauti, akasogeza vidude vyake. "Sikilizeni anavyopumua. Ametulia kama maji mtungini."

Picha kwenye skrini ilikuwa imesimama. Kona ya chumba, meza ya chuma, kivuli cha meza. Haikutikisika hata kidogo. Upande wa kulia wa picha vivuli vilianza kupoteza kingo zao, na sauti za kituo zikawa bapa. Kile kilikuwa kinakuja. Kilifika kwenye meza, kikaisawazisha, kikafika kwa mdogo wangu. Nilingoja kikusanyike. Kiliwakusanyikia wote, Mhasibu, Fundi Sauti, mimi mwenyewe nilipokaza shingo na kubana pumzi mpaka masikio yakapiga filimbi. Hakuna mtu aliyewahi kupitwa.

Kile kikampita. Kilimpita kama kilivyoipita meza, kikatokea upande wa kushoto, na vivuli vikarudi mahali pake.

Wageni walipiga makofi. Bosi alipiga makofi. "Wa kwanza!" alisema. "Ameweza! Umeona nilivyokwambia ulegeze?"

Sikuwa nimelegeza. Nilijua nilichokiweka pale kuliko ninavyojua sura yangu. Mtu aliye hai, anayehema na kuogopa, hapitwi na Kile. Na Cherehani ndiye mtu asiyetulia kuliko wote niliowahi kuwajua, hatulii hata usingizini.

"Bosi," nilisema, "kuna kitu mle ndani."

"Kipo, na umekitengeneza wewe," alisema, na akacheka.

"Kinamuua mdogo wangu."

"Vikombe!" alisema Fundi Sauti bila hata kugeuka.

Sijawahi kulichukia neno kama nilivyolichukia lile. Niliinuka, kiti kikaanguka. Nyuma yangu Bosi anasema usifungue, wageni wanatazama, utaharibu. Nilikimbia koridoni huku najua wananicheka, na huku naomba wawe sahihi. Naomba nifungue mlango, Cherehani anitukane kwa kumharibia ushindi, nicheke nao mpaka kesho.

Mlango ulikuwa mzito. Ulipoachia, hewa ya vuguvugu ikanijia usoni. Gizani niliona taa ndogo ya kijani ya miwani, na umbo lake kwenye kiti, kichwa kimeegemea mgongo wa kiti, mkono mmoja umening'inia. "Cherehani," niliita. "Cherehani, mama anapiga simu." Niliivuta ile miwani juu. Macho yake yalikuwa nusu wazi, na hayakunitazama. Nikapiga magoti nimkamate miguu, nikashika sakafu kujizuia nisianguke, na hapo kitu kikahema mkononi mwangu.

Kilikuwa pumzi ya joto. Ilitoka ukutani, chini, mahali pasipo na mtu. Iliacha, ikaja, ikaacha, sambamba na mngurumo wa upande wa pili. Nilielewa tundu la nyaya, nilielewa stoo, nilielewa matapishi ya Mhasibu kwenye sinki. Moshi wa jenereta ulikuwa umekaa na sisi wiki nzima, na sisi tunaupigia makofi.

Nikapiga yowe.

Fundi Sauti amerekodi mayowe yangu yote, anayo kwenye kompyuta yake, ameyapanga kwa mende, kwa lifti, kwa radi. Baadaye aliniambia kwamba lile alilolisikia kwenye spika hakuwahi kulirekodi, na alikuwa ameshafika mlangoni kabla halijaisha. Mimi nilikuwa nimemshika mdogo wangu kwapani, namburuta, kichwa changu kinazunguka na magoti hayanitii. Miwani ilikuwa imemkwama kwenye paji la uso, kwa hiyo wageni waliona dari ya kituo ikiyumba. Nikawasikia, kupitia ukutani, wakishangilia.

"Mshike miguu!" nilimwambia Fundi Sauti. "Na wazime jenereta! Wazime!"

Tulimlaza nje kwenye saruji, mvua ikimpiga usoni. Jenereta ilipozimwa ikabaki sauti ya mvua tu, na sikusikia chochote kutoka kwa Cherehani. Nilimwekea sikio puani. Nilimpiga makofi mashavuni. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Mlinzi alikuwa amesimama na koti lake mkononi, anarudia, "Ilikuwa inanyeshewa, dada, ilikuwa inanyeshewa tu," na hatimaye akalitandaza lile koti juu ya Cherehani. Hapo ndipo nilipouona mvuke mdogo ukitoka mdomoni mwake, mdogo hivi, kisha mwingine. Bosi alileta gari mpaka miguuni petu.

Hospitali walimvisha barakoa ya oksijeni. Daktari alinieleza kwa upole kwamba ndani ya moshi ule kuna hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu yake yenyewe, inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa hewa nzuri. Mtu anaumwa kichwa, anachanganyikiwa, analala. "Haina dalili ya kutisha," alisema. "Ndiyo maana inaua watu wengi." Aliuliza kama hakuna mtu mwingine aliyeumwa wiki ile. Nilicheka, na nilipoanza kucheka nikashindwa kuacha, nesi akanishika mkono akanikalisha.

Miezi mizima nilihangaika kuchora kitu kisicho na macho, kisicho na chuki, kisichojua hata kama upo. Kilipokuja chenyewe, mimi mwoga nilikifungia mlango na mdogo wangu.

Bosi alikuja koridoni jioni, amelowa, macho mekundu. Alikaa karibu yangu. Alisema hatukujua, na kweli hatukujua. Alisema chumba kile kitabomolewa. Kisha akakaa anazungusha funguo za gari, na nikajua kuna jambo jingine.

"Wageni wamekubali," alisema, akitazama sakafu. "Wamepiga simu. Hawajui yaliyotokea. Wanasema ile sehemu ya kutulia... hawajawahi kuona kitu kama kile."

Nilimwambia aondoke kabla sijamvulia kiatu. Aliondoka. Mimi ambaye naogopa hata kumwomba ruhusa ya kwenda kwa daktari wa meno.

Mama alifika na kanga yake juu chini. Tulikaa kila mtu upande wake wa kitanda. Kifua cha Cherehani kilipanda na kushuka, mashine ilipiga mlio wake, nesi alisema yote yanaendelea vizuri. Mimi nilitazama shuka, pale mguu wa kulia ulipoinua kitambaa. Nilitazama mpaka macho yakaniwasha. Mama naye, nilikuja kuona, alikuwa anatazama pale pale.

Ulipotikisika mara ya kwanza nilidhani ni mimi niliyegusa kitanda. Ukatikisika tena. Mama alifunika mdomo kwa kanga na kulia kwa sauti.

Cherehani alipozinduka na kuondolewa barakoa, sauti yake ilikuwa ya mchanga. "Dada," alisema. "Nilikipita?"

"Ulikipita."

"Nilikwambia." Akafumba macho. "Soda yangu iko wapi?"

Sasa anakaa kwangu mpaka apate nguvu. Anasahau sahau majina ya wateja wake, lakini mikono inasuka kama zamani, na daktari anasema tumshukuru Mungu. Namshukuru. Ila kuna kitu sijamwambia daktari wala mama. Tangu atoke hospitali, mguu wake akilala hutulia. Wakati mwingine unapiga kidogo tu, halafu unakoma, na chumba kinakuwa kimya, na mimi nimelala macho makavu pembeni yake, kitanda kimoja kama utotoni, nasikiliza. Navumilia. Najiambia anapumzika tu, watu wote hulala hivyo. Halafu nashindwa, namtikisa bega.

"We dada, una wazimu? Niache nilale!"

"Piga mguu kwanza."

Ananitukana tusi la utotoni, tusi refu, na mguu unaanza tena, tak tak tak. Ndipo na mimi nafumba macho.